Mbegu za Kipupwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Bustani za Nyumbani, Unguja na Pemba

Majibu haya ni ya wanaolima nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kisima, juu ya dari za Mji Mkongwe na katikati ya mawe ya kusini: watu wa matuta mawili matatu, si wenye mashamba. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mwaka masika yakikaribia kwisha. Pale watu wanapokosea sana tumekaa kitako, na pasipo na mengi tumepita.

Kwa nini mnasema kipupwe ndiyo msimu mkuu wa bustani?

Kwa sababu ya usiku. Kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma, usiku wa kwetu hushuka kiasi cha nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi. Tungule, yaani nyanya, hupenda hivyo. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, usiku hukaa juu ya nyuzi 24 na mchana hufika 32. Chavua hudhoofika, na ua hudondoka pamoja na kikonyo chake. Mtu huona mtungule umenawiri, majani meusi ya afya, lakini haushiki tunda, akadhani amepewa mbegu mbovu. Mbegu haina kosa, amepanda wakati usio wake.

Huko Uingereza bustani hulala msimu wa baridi, na watu hukaa ndani wakipanga mbegu za kupanda joto likirudi. Kwetu mambo yamepinduka: baridi ndiyo wakati wa kulima, na wakati wa kukaa kitako kupanga ni masika yenyewe, Machi hadi Mei, ardhi ikiwa tope na jembe halishiki. Anayesubiri kipupwe kiingie ndipo aende kununua mbegu ameshapoteza mwezi mzima.

Nianze lini hasa?

Hesabu kurudi nyuma. Mche wa tungule hukaa kitaluni wiki nne, kisha tangu kuhamishwa mpaka tunda la kwanza kuiva ni siku 70 hadi 90, kutegemea aina. Ukitaka maua yafunguke Julai, usiku ukiwa baridi, mche uhamishwe katikati ya Juni. Kwa hiyo mbegu iende kitaluni katikati ya Mei, na iwe imeshanunuliwa na kujaribiwa Aprili.

Pilipili boga na bilingani ni wavivu zaidi: wape wiki sita kitaluni, uziatike mwanzo wa Mei. Kitunguu maji huchukua wiki sita mpaka nane. Kabichi wiki nne zinatosha. Bamia, kunde, tango, boga na mumunye havitaki kitalu hata kidogo, maana mizizi yao haipendi kuguswa. Hivyo vipandwe moja kwa moja mwanzo wa Juni, ardhi ikiwa bado na maji ya masika. Mchicha usiupange kwa msimu, upange kwa wiki: kila baada ya siku 14 sia kipande kidogo, nawe utachuma bila kukatika.

Wazee wa Unguja na Pemba walihesabu haya kwa miongo, siku kumikumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, ambayo ndiyo siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Hesabu ile ni ya jua, haiyumbi na mwezi, ndiyo maana ilimfaa mkulima na baharia. Ukiwa na mzee nyumbani anayeijua, muulize mwongo wa ngapi alikuwa akisia nini, kisha uandike.

Ninunue kiasi gani? Kila mwaka pakiti hubaki nusu.

Hubaki kwa sababu watu hununua kwa macho. Anza na idadi ya mashina unayoyataka. Nyumba ya watu sita inatoshwa na mashina 12 ya tungule yanayotunzwa vizuri. Kwa mashina 12, atika mbegu 25, kwa kuwa nyingine hazitaota na nyingine utazing'oa kwa udhaifu. Gramu moja ya tungule ina mbegu kiasi cha 300. Maana yake gramu moja inatosha nyumba kumi na zaidi, na pakiti ya gramu tano kwa nyumba moja ni kutupa pesa. Nunueni pamoja, majirani wanne au watano, mgawane siku ile ile pakiti inapofunguliwa.

Bamia ni kinyume: mbegu zake ni nene, gramu moja ni mbegu 15 hadi 18 tu. Mashina 20, mbegu mbili kila shimo, ni mbegu 40, basi gramu tatu zinatosha. Tango ni mbegu 35 hivi kwa gramu. Mchicha hauhesabiki, nusu kijiko cha chai kwa tuta la mita moja kwa tatu ni kingi, tena uuchanganye na viganja viwili vya mchanga mkavu ili usidondoke pahala pamoja.

Kwenye pakiti niangalie nini?

Tarehe ya kufungashwa na ya kumalizika, kiwango cha uotaji, na kama imeandikwa F1. Mbegu ya F1 ni chotara: huzaa sana mara moja, lakini mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazifuati mama, kila shina litatoka na lake. Ukitaka kujitunzia mbegu, chagua aina za kawaida. Kwa tungule kuna Tengeru 97, Tanya, Cal J au Rio Grande. Kwa bamia, Clemson Spineless. Kwa bilingani, Black Beauty. Pakiti zitokazo Tanzania Bara ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya huko inayothibitisha ubora wa mbegu.

Angalia pia pakiti ilikuwa imewekwa wapi dukani. Iliyoning'inizwa mlangoni ikipigwa na jua la Darajani kutwa, tarehe yake haina maana tena. Mbegu inayopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi ni bahati nasibu, hasa kitunguu.

Mbegu yenye rangi ya waridi, kijani au buluu imepakwa dawa. Usiionje, usiwape kuku iliyobaki, wala usiiache mtoto anapofika. Nawa mikono kwa sabuni.

Nina mbegu za mwaka jana. Nitajuaje kama zingali hai?

Zijaribu kabla ya kuatika. Chukua mbegu 20 bila kuchagua. Lowesha kipande cha kitambaa cha pamba, kikamue mpaka kisidondoshe tone, zipange mbegu zisigusane, kunja, kisha tia ndani ya kopo lenye kifuniko kisichobana. Weka jikoni pahala pa kivuli. Kila siku fungua, nusa, na unyunyize kidogo kikianza kukauka. Kikitoa harufu ya uvundo, maji yamezidi, na jaribio limeharibika, anza tena.

Mchicha utaona mkia mweupe siku ya tatu. Tungule siku ya tano hadi ya saba, bamia siku ya nne hadi ya saba, kitunguu siku ya sita hadi ya kumi, pilipili mpaka siku ya 14, usiikatie tamaa mapema. Hesabu zilizoota na uzidishe kwa tano, hiyo ndiyo asilimia. Zikiota 16, yaani asilimia 80, panda kama kawaida. Zikiota 10, atika mara mbili ya unazohitaji. Chini ya nane, nunua mpya. Mbegu dhaifu hata ikiota huota polepole, na mche uliochelewa kutoka ndio wa kwanza kuoza shingo.

Mbegu zilizoota za tungule na bamia usizitupe. Zichukue kwa ncha ya kijiti na uziatike, maadamu mkia haujapita nusu inchi.

Mbegu zangu hufa kabatini hata kabla ya mwaka. Kwa nini?

Hili ndilo tatizo kubwa la visiwani, na tungependa kila mtu alielewe. Adui wa mbegu kwetu ni unyevu, na joto ni msaidizi wake. Mbegu ni kitu hai kinachopumua polepole. Hewa ya bahari ina maji mengi, mbegu huyanyonya, ikiyanyonya hupumua kwa kasi, na akiba yake humalizika ikiwa imelala kabatini. Kanuni wanayoitumia watunza mbegu ni hii: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka karibu mara mbili, na joto likishuka kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Kwa hiyo kukausha kunatangulia, ubaridi unafuata.

Karatasi haizuii unyevu, bahasha haizuii, mfuko mwembamba hauzuii. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kama ya jemu. Chukua mchele, ukaange mkavu kwenye sufuria kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka ubadilike rangi kidogo. Umimine ukingali moto kwenye chupa kavu, robo ya kina, funga, uache upoe humo humo. Ukishapoa kabisa, tia mbegu zako ndani ya vibahasha vya karatasi, vilivyoandikwa, juu ya mchele, ufunge. Mchele uliokauka hivyo unafyonza maji kutoka kwenye mbegu. Baada ya wiki mbili toa mchele ule, tia mwingine uliokaangwa upya. Mkaa uliopondwa na kuanikwa juani unafaa pia, ila unachafua.

Hapo ndipo friji. Mbegu mbichi ikitiwa friji haipati faida, na umeme ukikatika na kurudi, chupa isiyokaza hutokwa jasho ndani. Ukiitoa chupa, usiifungue papo hapo: iache mezani masaa matatu ipate joto la chumba, la sivyo hewa ya nje itageuka matone juu ya mbegu. Asiye na friji aweke chupa chini sakafuni, mbali na jiko, pembeni mwa mtungi wa maji pakiwapo. Hata kwa uangalifu wote huu, kitunguu usikitegemee zaidi ya mwaka mmoja.

Ninawezaje kutoa mbegu za tungule nyumbani?

Chagua shina kwanza, tunda baadaye. Shina liwe halijaugua, na tunda liwe limeivia shinani mpaka limelegea. Kata, kamulia mbegu na utelezi wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa. Acha siku mbili, isizidi tatu katika joto letu. Utaona povu jeupe juu na harufu kali. Huko ni kuchacha, na ndiko kunakoondoa ule ute unaozuia mbegu isiote na baadhi ya magonjwa yanayoshika ngozi yake. Ukipitiliza, mbegu huanza kuota ndani ya glasi.

Mimina maji mengi, koroga, subiri. Mbegu nzima huzama, mapepe huelea, yamwage. Suuza mpaka maji yawe safi. Zitandaze kwenye sahani ya udongo au ungo, kivulini penye upepo, uzipindue mara mbili kwa siku. Usizitandaze kwenye karatasi ya kawaida, zitaganda nayo. Jua kali la saa sita huzipika. Baada ya siku tano hadi saba, mbegu zikiwa na manyoya kama ya kijivu na zikilia kavu ukizidondosha sahanini, zipeleke kwenye ule mchele.

Bamia ni rahisi kuliko zote: acha matumba mawili matatu ya mwanzo yakauke shinani mpaka yapasuke mifuo.

Mumunye niliopanda kwa mbegu za nyumbani umetoka mchungu. Niupike?

Usiupike. Onjesha ncha ya ulimi kipande kibichi. Kikiwa kichungu sana, tupa lote, na shina uling'oe. Uchungu ule katika mumunye, boga, tango na dodoki ni sumu inayoleta tumbo la kuendesha na kutapika, na moto hauiondoi. Hutokea mara nyingi ua la mumunye wako lilipochavushwa na mwenzake wa porini au wa aina ya uchungu. Tunda lile la kwanza huwa tamu, mbegu zake ndizo zinazokuja na uchungu mwaka unaofuata. Anayetaka mbegu safi za jamii hii afunge ua la kike kwa uzi jioni kabla halijafunguka, alichavushe kwa mkono kwa ua la kiume la shina lake, alifunge tena, na alitie kitambaa tunda hilo kuwa alama.

Pilipili boga ukiipanda karibu na pilipili kali, tunda la mwaka huu halibadiliki, lakini mbegu zake zinaweza kuzaa pilipili boga za kuwasha. Zitenge mbalimbali, au usitunze mbegu.

Jamaa yangu wa Ulaya ameniletea vitunguu maji vya huko. Vinaota majani tu.

Na majani tu ndiyo utakayoyapata. Kitunguu huanza kufanya kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 na zaidi. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5. Mchana wetu hauondoki karibu na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kitunguu kile kitasubiri milele. Tafuta aina za mchana mfupi, kama Red Creole au Bombay Red. Yale majani yake yatie kwenye mchuzi.

Saladi za huko huota, lakini mbegu yake hulala joto likipita nyuzi 27 hivi. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, iweke siku mbili ubavuni mwa mtungi au friji sehemu ya mboga, kisha uisie magharibi ikiingia.

Kabla jamaa hajafunga mizigo, mwambie mbegu na mimea zina utaratibu wa karantini mpakani na huhitaji cheti cha afya ya mimea. Bora aulize mapema.

Mvua za mwisho za masika huua miche yangu kitaluni. Shingo inakuwa nyembamba kama uzi, inaanguka.

Huko ni kuoza shingo, kazi ya ukungu wa udongoni. Sababu zake ni nne na mara nyingi huja pamoja: udongo uliotumika, mbegu kubanana, maji ya jioni, na kukosa upepo. Dawa ya dukani haisaidii kama hizi hazijaondolewa.

Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu wa kinongo, moja ya mboji iliyoiva mpaka hainuki, moja ya mchanga usio wa bahari. Kama mchanga wa pwani ndio uliopo, uoshe maji matamu mara tatu. Tia mchanganyiko kwenye ndoo au sufuria kuukuu, mimina maji yanayochemka mpaka ulowe wote, funika, uache mpaka kesho yake. Kisha jaza vifuu vya nazi vilivyotobolewa tundu chini, kifuu kimoja mbegu mbili. Ugonjwa ukiingia kifuu kimoja hauendi kwa mwenzake, na siku ya kuhamisha unakigonga tu, mche unatoka na donge lake.

Panga vifuu juu ya kichanja, visikae chini ambako konokono na kuku wanapita. Ezeka makuti upande mmoja ili mvua isipige moja kwa moja, lakini pande tatu ziwe wazi upepo upite. Mwagilia asubuhi tu. Wiki moja kabla ya kuhamisha, ondoa makuti kidogo kidogo na upunguze maji, mche ukomae. Hamisha saa kumi na moja jioni. Tungule izikwe shina mpaka karibu na majani ya kwanza, itatoa mizizi mipya hapo. Pilipili na kabichi zisizidi kina zilichokuwa nacho. Nafasi ya tungule ni dhiraa moja kwa shina, na kati ya mistari shibiri tatu kasoro kidogo.

Chungu wanabeba mbegu za mchicha zote.

Wanazipenda kwa kuwa ni ndogo na zina mafuta. Zifunike kwa udongo mwembamba, mwagilia palepale, tandaza makuti juu mpaka siku ya tatu, kisha uyaondoe bila kuchelewa. Kwa vifuu vya kichanjani, tia kila mguu wa kichanja ndani ya kopo la maji.

Kwetu ni maweni, udongo hauzidi shibiri. Nilime nini?

Watu wa Paje, Jambiani na Makunduchi wanalima juu ya jiwe la matumbawe, na wanavuna. Jenga tuta juu kwa mawe yale yale, kina cha shibiri mbili, chini utie makumbi ya nazi ya kushika maji, juu udongo wa uwanda uliochanganywa nusu kwa nusu na mboji. Kunde, mchicha, bamia na mumunye hukubali.

Kosa linalorudiwa huko ni jivu. Mtu huona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, akatia jivu ili mmea upate nguvu. Jiwe la matumbawe ni chokaa. Udongo wake umeshazidiwa chokaa, na chokaa ndiyo inayozuia mmea kupata madini ya chuma. Jivu linaongeza yale yale. Tia mboji na samadi iliyooza, jivu lipelekwe kwenye udongo mwekundu.

Mwani ulioletwa na maji pwani ni mbolea nzuri. Uanike kwanza upigwe na mvua mbili tatu au uoshwe, chumvi itoke, kisha uchimbiwe ndani ya mboji. Usiutie mbichi kwenye shina.

Kisima chetu kina chumvi kidogo. Nitumie?

Inategemea mmea na umri wake. Spinachi huvumilia, tungule hustahimili kiasi, maharage, karoti na kitunguu hudhurika haraka. Mche mchanga haustahimili hata wa tungule, basi maji ya mvua ya masika yakusanye kwenye pipa lenye kifuniko yawe ya kitalu tu. Mwagilia chini kwenye udongo, sio juu ya majani, kwa kingi na kwa nafasi badala ya kidogo kidogo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Alama yake ni ncha na kingo za majani kuungua rangi ya kahawia. Sabuni kutotoa povu sio kipimo: maji ya kwenye matumbawe yana chokaa, na hayo pia huzuia povu hata yakiwa hayana chumvi. Visima vya karibu na bahari usivute maji mengi kwa mkupuo, maana ya chumvi hupanda kutoka chini.

Tuta la mita nne za mraba linataka ndoo moja ya lita 20 kwa siku kavu. Ukitandaza majani makavu au kumvi za mpunga, ndoo hiyo itakupeleka siku mbili.

Nakaa ghorofani Mji Mkongwe.

Ndoo ya lita 20 yenye matundu matano chini ni shina moja la tungule, sio mawili. Polo lililojazwa udongo linabeba mchicha, kotmiri na nana. Kabla ya kupandisha ndoo kumi juu ya dari kongwe, kumbuka kila moja iliyolowa ni zaidi ya kilo 20, ziweke kwenye ukuta, si katikati. Kusi hupiga sana juu huko. Funga kila shina kwa kamba ya usumba kwenye mti wa mita moja na nusu.

Mtungule umenyauka ghafla ukiwa kijani. Maji unapata.

Kata shina karibu na ardhi, kipande cha kidole, kining'inize kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na uchome moto, usitie kwenye mboji, na pahala hapo usipande tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa miaka mitatu. Panda mahindi au kitunguu. Osha jembe kabla ya kuingia tuta jingine.

Maji yakibaki safi, chimba mizizi. Ikiwa na mafundo kama shanga, ni minyoo fundo, inayopenda zaidi udongo wa kichanga. Mboji nyingi na kupumzisha tuta vitapunguza.

Majani yakijikunja juu na kudumaa manjano, ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Ng'oa mche mapema. Mwaka ujao funika kitalu kwa chandarua chepesi tangu mbegu inapotoka, kwa kuwa mche ulioambukizwa mdogo hauzai kitu.

Karafuu zikishika, hakuna wa kumwagilia.

Jamaa wa Pemba huuliza hili, na ni haki yao: mikono yote iko mkarafuuni mchana na kwenye majamvi ya kuanikia jioni. Mwaka wa karafuu nyingi punguza tungule na uache saladi kabisa. Weka bamia, kunde, mbaazi na kisamvu, ambavyo huvumilia kusahauliwa siku mbili tatu.

Na mboga za Ramadhani?

Hizo hazifuati kipupwe. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, na kwa miaka hii huangukia mwanzoni mwa mwaka, ndani ya joto la kaskazi. Boga la futari linataka siku 90 hadi 120, basi lipandwe Oktoba vuli ikianza. Kotmiri siku 40, nayo usiwe na haraka ya kuipanda yote, joto huifanya itoe maua. Mbegu yake ni mbili ndani ya ganda moja. Ikanyage kwa chupa ipasuke kabla ya kusia.

Mwisho wa Agosti nimebaki na mbegu. Nizifanye nini?

Zigawe wiki hiyo hiyo, zikiwa bado na nguvu, na ubakishe za vuli tu. Ukimpa jirani, andika juu ya kibahasha jina la mmea kama mnavyouita mtaani, mwezi na mwaka uliotoa, umelima udongo gani, na kama ni F1. Kibahasha kisicho na maandishi, mwezi wa tatu hakuna atakayekumbuka kama ni kabichi au sukuma wiki, kwa kuwa mbegu zake zinafanana.